Upasuaji wa uti wa mgongo: Mombasa ianze na faili za picha

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie matumizi ya uhalisia pepe, yaani miwani inayomwonyesha mtu umbo la kompyuta kana kwamba limesimama mbele yake, katika kupanga upasuaji wa uti wa mgongo, jambo ambalo limeanza kutajwa hapa Pwani, mara nyingi kwa shauku kubwa na maelezo machache. Nilifanya kazi ya kupiga picha za hospitali, kuanzia eksirei za filamu hadi mashine za CT zinazoupiga mwili picha za matabaka kwa mionzi, mpaka nilipostaafu, na kwa hivyo naliangalia suala hili nikiwa katika chumba kile ambacho mgonjwa hupitia kabla ya kufika kwa daktari mpasuaji. Naiunga mkono teknolojia hii bila kusita. Hata hivyo, nina hakika kwamba hospitali zetu zikinunua miwani kabla ya kurekebisha jinsi zinavyopiga, zinavyohifadhi na zinavyokabidhi picha za CT, miwani hiyo itaishia kabatini, ilhali marekebisho hayo yanaweza kuanza sasa kwa gharama ndogo, na yatamfaa mgonjwa hata kama miwani itachelewa.

Kwa wasomaji ambao hawajapata sababu ya kulifikiria jambo hili, uti wa mgongo wa mtu mzima una pingili 24 zinazosogea: 7 za shingoni, 12 za mgongoni zinazoshika mbavu, na 5 za kiunoni, kisha chini yake iko mifupa iliyoungana, ule ulio kati ya nyonga na kifandugu. Katikati ya pingili hizo unapita mfereji uliobeba ugwe wa mgongo, yaani kamba ya neva itokayo ubongoni, ambao kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na kuanzia hapo kwenda chini hubaki shada la neva zinazohudumia miguu, kibofu na haja kubwa. Daktari anapotaka kuimarisha mgongo uliovunjika, mara nyingi hupitisha skrubu kutoka nyuma, kupitia vishingo viwili vifupi vya mfupa vinavyounganisha tao la nyuma la pingili na mwili wake wa mbele. Kiunoni vishingo hivyo ni vinene, na skrubu ya milimita 6.5 huingia bila taabu kwa watu wengi; lakini katikati ya mgongo, kwenye usawa wa pingili ya nne hadi ya sita, vinaweza kuwa na upana wa milimita 4 au 5 tu. Upande wa ndani wa kishingo kuna ugwe, na mbele ya pingili, kwa kushoto, unashuka mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Skrubu ikikosea njia kwa milimita chache tu, mgonjwa anaweza kuamka na mguu usiosikia.

Wanaofika hospitalini wakiwa wamevunjika mgongo hapa kwetu ni watu tunaowafahamu. Kuna mgema aliyeteleza juu ya mnazi, kuna abiria wa bodaboda aliyegongwa na lori Changamwe, kuna fundi aliyeporomoka na jukwaa la ujenzi Nyali. Anguko la mnazi lina namna yake: mtu huangukia miguu au makalio, nguvu hupanda kutoka chini, na pingili inayopasuka mara nyingi ni ile ya mwisho ya mgongo au ya kwanza ya kiuno, mahali ambapo sehemu ya mbavu iliyokakamaa inakutana na kiuno kinachosogea. Mfupa hupasuka kila upande, na kipande chake husukumwa nyuma hadi ndani ya mfereji. Pia wako wagonjwa wa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza mwaka 1779 na ambao haujatuacha, kwani Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Ugonjwa huo hula mwili wa pingili kwa mbele mpaka mgongo ukajikunja, pingili mbili au tatu zikawa donge moja, na mfupa ukaacha kufanana na michoro ya vitabu. Hao wa mwisho ndio, kwa maoni yangu, watakaofaidika zaidi na uhalisia pepe, kwa sababu daktari hawezi kutegemea mazoea ya mikono yake pale ambapo alama zote anazozijua zimehama.

Kwa desturi, daktari hulifumbua fumbo hili kwa kuangalia matabaka. Mashine ya CT huupiga mwili picha bapa, moja baada ya nyingine, na kompyuta huzipanga upya ili mtu aweze kuutazama mgongo kwa ubavuni, kwa mbele au kwa kukatwa mkato. Daktari huzitembeza kwenye skrini, au huitundika filamu kwenye kisanduku cha taa, kisha huijenga pingili nzima kichwani mwake akikadiria skrubu itaingilia wapi, itainama kiasi gani na itakomea wapi. Madaktari wazoefu hulifanya hili vizuri ajabu, na sitaki msomaji adhani kwamba wanafanya kazi gizani. Lakini ni ujuzi unaochukua miaka kuupata, na taswira iliyo kichwani mwa daktari mmoja haiwezi kukaguliwa na mwenzake, wala kuonyeshwa mwanafunzi aliyesimama kando.

Katika uhalisia pepe, matabaka yale yale hugeuzwa kuwa umbo kamili. Programu hutenganisha mfupa na nyama kwa kufuata jinsi kila kimoja kinavyozuia mionzi, mtaalamu husafisha pale kompyuta ilipochanganya pingili mbili zilizogusana, na ikiwa mgonjwa amepigwa pia MRI, picha ya sumaku inayoonyesha vizuri sehemu laini, ugwe na neva huongezwa juu ya umbo hilo kwa rangi yake. Daktari akivaa miwani, ile pingili iliyopasuka inasimama mbele yake, na akitaka huikuza mpaka ikawa na kimo chake. Huizunguka, huinama, huchungulia ndani ya mfereji kutoka juu, akaona kipande cha mfupa kimeziba kiasi gani na kimeelemea upande gani. Kwa kidhibiti alichoshika mkononi huchukua skrubu ya kuchora, akaiingiza kwenye kishingo, na papo hapo huona iwapo imetoboa ukuta wa ndani. Ikiwa imetoboa huirudisha nje, hubadilisha mwinamo, hujaribu nyembamba zaidi, na wakati wote huo mgonjwa yuko wodini hajaguswa. Anapovua miwani anajua pingili gani zitapokea skrubu, za urefu na unene gani, na muuguzi wa chumba cha upasuaji anaweza kuandaa vyuma hivyo mapema badala ya kufungua pakiti moja baada ya nyingine huku mgonjwa akiwa amelazwa kifudifudi kwa dawa ya usingizi.

Nieleze pia tofauti moja ambayo huchanganywa. Miwani ya uhalisia pepe humfunika daktari macho kabisa na hutumika kabla ya upasuaji. Kuna miwani nyingine, ya kioo kinachopitisha mwanga, ambayo daktari huivaa katikati ya upasuaji wenyewe na kuona picha ya mfupa ikiwa imelazwa juu ya mgongo wa mgonjwa. Madaktari wa Johns Hopkins nchini Marekani waliitumia kwa mgonjwa mwezi Juni 2020, baada ya mfumo huo kuidhinishwa mwishoni mwa mwaka 2019. Hiyo inahitaji kamera za ufuatiliaji, alama zinazofungwa kwenye mfupa, na mhandisi aliye karibu. Ni kitu kizuri, lakini sikiombei kwa sasa. Ninachokizungumzia ni kile cha kupangia, kinachoweza kukaa juu ya meza ya kawaida katika chumba chenye umeme na kompyuta yenye kadi nzuri ya picha.

Wala si jambo la kufikirika tu. Kampuni ya Surgical Theater ya Marekani, iliyoanzishwa na watu waliotoka katika kutengeneza mifumo ya kufunzia marubani wa kivita, imekuwa ikiuza mifumo ya kufanyia mazoezi ya upasuaji wa ubongo kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2022, madaktari waliokuwa London na wenzao wa Rio de Janeiro walivaa miwani kwa wakati mmoja, wakaingia katika umbo moja la vichwa vya mapacha walioungana, na wakajaribu kuwatenganisha katika uhalisia pepe kabla ya kuwagusa watoto wenyewe. Ule ulikuwa upasuaji wa kichwa, lakini jambo lililonigusa ni kwamba watu waliotengwa na bahari nzima walisimama mbele ya mfupa mmoja na kuelekezana kwa mikono. Sisi ambao wagonjwa wetu wa uti wa mgongo hupakiwa kwenye ambulensi kwenda Nairobi, safari ya kilomita zipatazo 480, tunapaswa kulitazama hilo kwa makini. Hospitali ya Kitaifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo iko huko. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili iko Dar es Salaam, ambako kwa miaka mingi madaktari wa chuo cha udaktari cha Weill Cornell cha New York wamekuwa wakifundisha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo pamoja na wenyeji. Mgonjwa mwingine itabidi asafirishwe vyovyote iwavyo. Lakini wako wale ambao daktari wetu wa hapa angeweza kuwahudumia kama angepata saa moja ya kuupitia mgongo ule pamoja na bingwa aliye mbali, kila mmoja amesimama upande wake wa pingili.

Uwezo wa mikono tunao. Mwaka 2016 madaktari wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta waliwatenganisha mapacha wa kike walioungana sehemu ya chini ya mgongo, kazi iliyochukua saa 23, na ambayo isingewezekana bila mipango ya muda mrefu juu ya picha. Wala sayansi ya picha zenyewe si ya wageni peke yao. Mgonjwa wa kwanza alipigwa CT mjini London tarehe 1 Oktoba 1971 kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, lakini mwanafizikia aliyegawana naye Tuzo ya Nobel mwaka 1979, Allan Cormack, alizaliwa Johannesburg na alianza kulifikiria tatizo la hesabu zake alipokuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Nalitaja hili kwa vijana wetu hasa.

Sasa nifike kwenye kiini cha barua yangu, yaani faili za picha za CT.

Umbo la uhalisia pepe haliwi bora kuliko matabaka yaliyolijenga. Kwa kupanga skrubu, matabaka yanatakiwa yawe na unene wa milimita 1 au chini ya hapo. Mashine nyingi za CT tulizo nazo zina uwezo huo, kwani hukusanya taarifa nyembamba kwanza na baadaye huzichanganya kuwa matabaka manene ya milimita 3 au 5 ili ripoti isomwe haraka na filamu zisiwe nyingi. Matabaka manene ndiyo yanayochapishwa na kukabidhiwa mgonjwa. Yale membamba hubaki katika kompyuta ya mashine kwa siku chache, kisha hufutwa ili kupisha wagonjwa wengine. Kujenga pingili kwa matabaka ya milimita 5 ni kama kusoma gazeti hili huku kila mistari mitano imechapwa mmoja juu ya mwingine: umbo linatoka na ngazi ngazi, kingo za kishingo chembamba zinaweza kufifia, na ufa mwembamba unaweza usionekane kabisa. Daktari akiliamini umbo kama hilo atakuwa amedanganywa na kitu kinachopendeza macho, na hilo ni baya kuliko kutokuwa na umbo lolote.

Halafu kuna filamu. Nimeona kwa miaka mingi watu wa Kwale wakivuka Likoni na bahasha kubwa ya kaki kwapani, ndani yake mna karatasi za plastiki zenye picha ndogo ndogo safu kwa safu. Joto na unyevu wa Pwani huzigandisha, na ukizibandua, utando wenye picha hutoka na kuacha madoa meupe juu ya mfupa. Bibi mmoja alimleta mjukuu wake, kijana mgema kutoka upande wa Kaloleni, aliyekuwa amepigwa CT katika hospitali ambayo sitaitaja. Filamu zilikuwa zimeshikana. Diski iliyofuatana nazo ilifunguka, lakini ilikuwa na matabaka manene peke yake, na tulipopiga simu tuliambiwa yale membamba yameshafutwa. Kijana alirudishwa kwenye mashine, akapokea mionzi kwa mara ya pili na familia ikalipa kwa mara ya pili, kwa ajili ya picha ambazo zilikuwapo siku chache tu zilizopita na zingeweza kuhifadhiwa bila shilingi ya ziada.

Nimefanya hesabu ndogo ambayo msomaji yeyote anaweza kuirudia. Picha moja ya CT ina nukta 512 kwa 512, na kila nukta huchukua baiti mbili, hivyo picha nzima ni takriban nusu megabaiti. Mgongo wa sentimita 60 ukipigwa kwa matabaka ya milimita 1 hutoa picha 600, ambazo ni kama megabaiti 300. Diski moja ya terabaiti 1, ambayo inauzwa katika maduka ya kompyuta hapa mjini, inaweza kubeba migongo ya watu zaidi ya 3,000. Hata ukinunua tatu ili nakala zisipotee, na ukazifunga kwa neno la siri na kuziweka mahali penye ubaridi, gharama hiyo haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya mashine ya CT, ambayo ni ya makumi ya mamilioni ya shilingi. Kinachokosekana ni agizo la maandishi kwamba kila CT ya uti wa mgongo ihifadhiwe kwa matabaka membamba, na mtu mmoja ambaye jina lake limeandikwa kuwa ndiye mwenye jukumu hilo.

Nizungumzie pia desturi ya kupiga picha filamu kwa simu na kuituma kwa WhatsApp kwa daktari aliye Nairobi. Naielewa, imeokoa maisha usiku wa manane pale ambapo hapakuwa na njia nyingine, na siwalaumu wanaoitumia. Lakini picha ya simu haiwezi kugeuzwa kuwa umbo lolote, haina vipimo, na mara nyingi jina la mgonjwa limeandikwa pembeni wazi wazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 imeongeza masharti yake. Tukianza kushirikiana na mabingwa wa nje kwa uhalisia pepe, faili nzima ya mgonjwa itasafiri. Lazima jina litolewe kwanza, mgonjwa aombwe idhini kwa lugha anayoielewa, na mkataba useme faili itakaa wapi na itafutwa lini. Afadhali mambo haya yaandikwe kabla ya miwani kufika kuliko baada ya malalamiko ya kwanza.

Kuhusu idhini, turudi kidogo kwa yule bibi. Daktari alipomweleza kwamba kijana atawekewa vyuma, aliuliza, "Daktari, mwanangu, hivyo vyuma mtavipitisha wapi, na uti wenyewe uko wapi?" Daktari alichukua kalamu akachora nyuma ya bahasha, kwa subira na heshima kubwa, lakini niliona usoni mwa bibi kwamba mchoro ule haukumwambia kitu. Mtu kama huyo angewekwa mbele ya skrini ionyeshayo kile daktari anachokiona kwenye miwani, akaona mgongo wa mjukuu wake mwenyewe, kipande kilichoingia mferejini na njia ambayo skrubu itapita, angekuwa na haki ya kweli ya kusema ndiyo au hapana. Kwangu mimi faida hii ni kubwa sawa na ile ya daktari. Wagonjwa wengi Pwani hutia kidole gumba kwenye fomu ambayo hawajaielewa, na upasuaji wa mgongo ni jambo zito mno kuidhinishwa hivyo.

Sitaki kuahidi kupita kiasi. CT hupigwa mgonjwa akiwa amelala chali, ilhali upasuaji hufanywa akiwa kifudifudi, na pingili zilizolegea husogea kati ya hali hizo mbili. Kila pingili hubaki na umbo lake, lakini mpangilio wake na jirani zake unaweza kubadilika. Kwa hivyo mpango wa miwani hauondoi haja ya kuhesabu pingili kwa eksirei ndani ya chumba cha upasuaji kabla ya kuanza, wala haja ya kuikagua kila skrubu baada ya kuingia. Miwani haimwambii daktari mfupa ni laini kiasi gani chini ya kidole chake. Watu wengine huona kizunguzungu wakiivaa. Tafiti nyingi zilizochapishwa hadi sasa ni za wagonjwa au wanafunzi wachache, na zimeonyesha zaidi kwamba daktari anaelewa umbo vizuri na anajifunza haraka kuliko zilivyoonyesha kwamba mgonjwa anapona vizuri zaidi. Ndiyo maana napendelea tuanze na kupanga na kufundisha, huku matokeo ya kila mgonjwa yakiandikwa, ili baada ya muda tuwe na takwimu zetu wenyewe.

Gharama za miwani zimeshuka sana. Mwaka 2020 miwani ya Quest 2 iliuzwa kwa dola 299, na iliyofuata mwaka 2023 ilianzia dola 499. Iko pia programu ya 3D Slicer, isiyolipiwa na yenye msimbo ulio wazi kwa yeyote, inayoweza kujenga maumbo haya na kuyapeleka kwenye miwani. Hiyo ni ya utafiti na mafunzo, haijaidhinishwa kama kifaa cha tiba, na mfumo wa kutegemewa katika maamuzi ya upasuaji utapaswa kupitia Bodi ya Dawa na Sumu na utagharimu zaidi. Lakini kwa kujifunza kutenganisha mfupa, kupima vishingo na kugundua faili mbovu, inatosha kabisa. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kinafundisha uhandisi wa vifaa vya tiba. Sioni kwa nini wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho wasikae pamoja na wapiga picha na madaktari wa Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji tunaiita Makadara, wakajenga maumbo ya pingili kutokana na faili zilizotolewa majina. Mhandisi atajifunza kishingo ni nini, na daktari atajua kwa nini mhandisi anamsumbua juu ya unene wa tabaka.

Hofu yangu ni kwamba tutaanzia upande wa pili. Tunaukumbuka mpango wa kukodi vifaa vya matibabu ulioanza mwaka 2015, uliogharimu mabilioni ya shilingi, na ambao Seneti iliuchunguza na kutoa ripoti mwaka 2020. Katika baadhi ya kaunti mashine zilifika kabla ya wataalamu, kabla ya umeme wa kutosha, hata kabla ya chumba cha kuziweka. Miwani ni midogo kuliko mashine hizo na ni rahisi zaidi kusahaulika kwenye droo baada ya picha za uzinduzi kupigwa. Kaunti ikitenga fedha, naomba sehemu kubwa ya fedha hizo iende kwenye mshahara wa mtu wa kutunza faili na mafunzo ya wale watakaotenganisha maumbo, na sehemu ndogo iende kwenye miwani yenyewe. Naomba pia daktari mpasuaji apewe muda. Kupanga mgongo mmoja kwa makini kunaweza kuchukua saa nzima, na daktari mwenye foleni ya kliniki iliyofika nje ya mlango hataipata saa hiyo isipoandikwa katika ratiba yake kama sehemu ya kazi. Bima ya SHA nayo ingefaa iitambue saa hiyo, kama inavyoitambua CT yenyewe.

Kwa hayo, naiomba idara ya afya ya Kaunti ya Mombasa itujibu kupitia gazeti hili mambo machache. CT za uti wa mgongo katika hospitali zake zinahifadhiwa kwa matabaka ya unene gani, na kwa muda gani? Mgonjwa akitaka faili yake kamili, wala si filamu, anaiomba kwa nani na analipa kiasi gani? Na ni nani anayetoa ruhusa ya kuzifuta? Majibu yakichapishwa, madaktari wa Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta wanaotuletea wagonjwa wao watajua pia waandike nini kwenye fomu ya kuombea CT kabla mgonjwa hajapanda gari.

Mpiga picha za hospitali mstaafu,
Tudor, Mombasa